Mwongozo kamili: jinsi ya kuandika maongezi ya polisi na wapelelezi wa kwetu bila kusikika kama muvi ya Marekani

Ukisoma hadithi za kipelelezi zinazozunguka kwenye simu, au ukiangalia baadhi ya muvi zetu, utakutana na mpelelezi wa Mwananyamala anaeongea kama katokea Chicago. Anamfunga mtu pingu huku anamwambia "una haki ya kukaa kimya", kwenye redio anasema "ten foo, ten foo", na konstebo anamwita mkuu wa kituo kwa jina lake la kwanza kama wamecheza wote chandimu. Msomaji aliewahi kulala mahabusu hata usiku mmoja anajua hapo hamna polisi, hapo kuna mtu kaangalia series nyingi.

Huu mwongozo ni kwa anaeandika hadithi, skripti, mchezo wa redio, hata komediani anaetaka kuigiza askari vizuri. Nimeegemea Tanzania maana ndiko nnakokujua zaidi, nilikulia mtaa uliopakana na kota za polisi, Kenya ntaigusa pale mambo yanapoachana. Twende hatua kwa hatua ila usitegemee hatua zote ziwe na urefu sawa, nyingine ni za mistari michache tu.

Hatua ya 1: kabla hujaandika sini, jiulize nani mkubwa, nani anasikia, na je kuna karatasi inaandikwa

Hili ndilo la msingi na ukilishika vizuri mengine yote yanafuata. Polisi mmoja huyohuyo ana lugha nne au tano kwa siku moja, na anazibadilisha bila hata kufikiria. Chukua tukio moja, dereva wa bodaboda kaporwa pikipiki Tandale usiku. Askari akimpigia simu mwenzie atasema "Oya kuna boda kapigwa nondo huku Tandale, pikipiki wamesepa nayo, uko wapi wewe?" Akimpa taarifa mkuu wake: "Afande, kuna tukio la unyang'anyi Tandale, mhanga kakimbizwa hospitali, tuko eneo la tukio." Akiandika: "Mnamo tarehe 14/03 majira ya saa 20:45 huko maeneo ya Tandale, mlalamikaji alinyang'anywa pikipiki yenye namba za usajili MC fulani, aina ya Boxer, rangi nyekundu." Na kamanda akiongea na waandishi wa habari kesho yake, utasikia "watu ambao idadi yao haijafahamika, wakiwa na kitu kinachodhaniwa kuwa nondo."

Tukio moja, midomo minne. Waandishi wengi wanachukua lugha moja, mara nyingi hiyo ya kwa waandishi wa habari, wanaipaka kila sehemu, matokeo yake mpelelezi yuko na mkewe mezani anasema "nilifika nyumbani majira ya saa mbili usiku". Hamna mtu anaeongea hivyo na mkewe, labda ana lake la kuficha (na hapo sasa ni wazo zuri la sini, litumie).

Hatua ya 2: panga vyeo vyako vizuri, maana cheo kipo ndani ya kila sentensi

Kuanzia chini kwenda juu kwa Tanzania: konstebo, koplo, sajenti, stafu sajenti, sajini meja, alafu mkaguzi msaidizi, mkaguzi, alafu warakibu (mrakibu msaidizi, mrakibu, mrakibu mwandamizi), makamishna kwa ngazi zao, na juu kabisa IGP. Ila kwenye maongezi watu hawatamki hivyo virefu. Wanasema ASP (mrakibu msaidizi), SSP (mrakibu mwandamizi), ACP (kamishna msaidizi), kwa herufi. Na mara nyingi zaidi wanataja nafasi ya mtu badala ya cheo chake: OCS ndio mkuu wa kituo, OCD mkuu wa polisi wilaya, OC-CID mkuu wa upelelezi wilaya, RPC kamanda wa mkoa, RCO mkuu wa upelelezi mkoa. Dar es Salaam ni kanda maalumu, ina mikoa yake ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake kuna ZCO wa upelelezi wa kanda. Kwahiyo sentensi ya kawaida kabisa kituoni ni "Afande OCD anakuita", sio "Mrakibu Mwandamizi fulani angependa kuonana na wewe".

Neno afande lina kazi nyingi. Mdogo anamwita mkubwa afande, raia anamwita kila askari afande, askari wenyewe wa cheo kimoja wanaitana afande nusu kwa heshima nusu kwa utani. Mwanamke nae ni afande, usianze kutunga neno jipya. Akikutana na mkubwa wake, mdogo anakakamaa, anapiga saluti na "Jambo afande!". Akiitwa anajibu "Afande!" kwa sauti kavu, ama "Ndiyo afande". Akikubali agizo "Sawa afande". Hatoi maelezo marefu mpaka aulizwe. Hapo unaweza kuonesha tabia ya mtu kwa vitu vidogo sana, yaani konstebo anaesema "sawa afande" haraka kupita kiasi, au sajini mkongwe anaeichelewesha sekunde moja.

Na hapa kuna utamu ambao muvi za nje haziwezi kukupa, umri na cheo vinagombana. Kijana katoka chuo kikuu, kapita kozi, kawa mrakibu msaidizi, anaongoza sajini meja ambae kiumri ni baba yake. Mbele za watu mzee anakakamaa, "Jambo afande". Wakibaki wawili ofisini kijana anaweza akamwita "mzee wangu" na akamuuliza hili jalada ungefanyaje. Wakikutana msibani bila sare, kijana ndie anaetoa shikamoo. Ukiandika mahusiano ya namna hiyo vizuri huhitaji hata risasi kwenye kitabu chako.

Kingine kidogo, askari wa vyeo vya chini wana namba, na inaanza na herufi, E, F, G, H na kuendelea kutegemea aliajiriwa lini, wa kike inaanza na WP. Mpelelezi anawekewa D mbele ya cheo, kwahiyo kwenye makaratasi utaona F ngapi ngapi D/Koplo fulani. Wakaguzi kwenda juu wanaandikwa kwa cheo na jina bila namba. Ukimpa mrakibu namba ya konstebo msomaji askari atacheka.

Hatua ya 3: kaunta

Raia anaingia kaunta, ile sehemu ya mapokezi inayoitwa pia chaji rumu. Wengi wanaandika hii sini kama kituo cha huduma kwa wateja au kama jehanamu, ukweli uko katikati. Askari wa zamu kakaa na kitabu kikubwa, kuna tangazo ukutani kwamba dhamana ni bure, kuna mama kakaa kwenye benchi anasubiri kumletea mtu chakula. Raia anasema "nimeibiwa". Askari haandiki papo hapo. Anauliza "umeibiwaje? Walikutishia? Walikuwa na nini mkononi?"

Sio udadisi huo. Wizi ni kosa moja na unyang'anyi wa kutumia silaha ni kosa jingine kabisa, hilo la pili adhabu yake inaanzia miaka 30 jela. Kwahiyo askari wa kaunta anatafsiri kilio cha mtu kiwe kosa lenye jina. Akimaliza anampa RB, ile namba ya taarifa yake, na kama mtu kaumia anapewa PF3 aende nayo hospitali. Raia wote wanajua haya maneno mawili, huhitaji kumueleza msomaji kwa aya nzima RB ni nini. Kenya ni namba ya OB, na fomu ya majeruhi ni P3. Usichanganye, mhusika wako wa Kisumu akiomba RB utaonekana hujawahi kuvuka Namanga.

Mtuhumiwa nae akiletwa, maneno ni mafupi: "Vua mkanda. Viatu. Toa vilivyomo mfukoni." Vinahesabiwa, vinaandikwa, anaingia mahabusu. Hapo hamna hotuba.

Hatua ya 4: redio, simu, na kile kisichosemwa kwenye redio

Redio koli ina sheria moja ya kimaumbile, akibonyeza mmoja wengine wote wanasikiliza. Kwahiyo maongezi yake ni mafupi, mtu anamwita anaemtaka, anajitaja yeye ni nani, anasema jambo, anamaliza na ova. "Nimekupata", "rudia", "stendibai", "roja". Majina ya herufi kwa alfa, bravo, chale yanatumika pale mtu anapotaja namba ya gari ili B isisikike kama D. Ila zile kodi za ten foo ni za polisi wa Marekani, zilianza huko miaka ya 1930 wakati redio zilikuwa zinakata silabi ya kwanza, waachie wenyewe.

Sasa kwa sababu wote wanasikia, kuna vitu askari mwenye akili hasemi redioni. Hataji jina la mtoa taarifa wake. Hasemi "afande tumekosea nyumba". Hasemi anakwenda kumkamata nani kama anajua mtu huyo ana ndugu kituoni. Hayo yanahamia kwenye simu yake binafsi, "nipigie", au "nakuja ofisini". Hapo kwenye kuhama kutoka redio kwenda simu ndipo stori yako inapoweza kuchemka, maana yaliyosemwa kwenye simu hamna kitabu kinachoyahifadhi. Mwandishi mzuri wa kipelelezi anamfanya msomaji aanze kuogopa kila askari anaposogea pembeni na simu.

Mawasiliano yakivurugika watu wanakufa kweli. Shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, kikosi maalumu cha polisi kinachoitwa Recce kilikuwa ndani ya jengo, jeshi likaingia, na iliripotiwa sana kwamba afisa mmoja wa Recce aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa serikali hiyohiyo kwa sababu vikosi havikuwa vinaongea. Mwaka uliofuata Kenya ilisaini mkataba na Safaricom wa kufunga mfumo wa mawasiliano na kamera Nairobi na Mombasa. Kama stori yako ya Nairobi ni ya kabla ya hapo, usimpe konstebo wa doria kamera kila kona, mpe simu yake mwenyewe na salio linaloisha.

Alafu kuna signali, ule ujumbe rasmi unaotoka makao makuu au mkoani. Uhamisho unakuja kwa signali. "Signali imetoka" ni sentensi inayoweza kunyamazisha kituo kizima kuliko "kuna jambazi", maana kila mtu anajiuliza jina lake limo au halimo na watoto shule itakuwaje.

Hatua ya 5: chumba cha mahojiano

Hapa ndipo wengi wanapoharibu zaidi kwahiyo ntakaa kidogo.

Cha kwanza sahau kioo cha kuona upande mmoja na taa inayoning'inia. Ni ofisi ya kawaida, meza yenye majalada yaliyopangwa mpaka yanaegemea ukuta, feni, mara nyingi kuna mpelelezi mwingine meza ya pili anaendelea na kazi yake. Mpelelezi, au askari kanzu kama wazee wanavyomwita kwa kuwa havai sare, anaanza na karatasi. Jina. Umri. Kabila. Dini. Kazi. Makazi. Namba ya simu. Hayo yanaandikwa juu ya maelezo, kwahiyo mahojiano ya kwetu yanaanza kwa sauti ya mtu anaejaza fomu, na hiyo sauti ya kuchosha ndiyo inayotisha, sio kupiga meza.

Cha pili, onyo. Sio ile ya Marekani iliyotokana na kesi ya mwaka 1966 kule Arizona. Sisi tuna maelezo ya onyo na maneno yake yanafanana na haya: unaonywa kuwa unatuhumiwa kwa kosa fulani, hulazimishwi kusema lolote isipokuwa kwa hiari yako, lolote utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani, na una haki ya kuwepo wakili, ndugu, jamaa au rafiki wakati unatoa maelezo. Yanasomwa mezani, sio wakati wa kukimbizana kwenye mitaro ya Jangwani. Na mtu anaulizwa uko tayari kutoa maelezo mbele ya nani, anajibu, jibu linaandikwa, anasaini. Wakati wa kukamata anaambiwa tu anakamatwa kwa tuhuma gani.

Cha tatu, saa. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 1985 inampa mpelelezi saa 4 za kumhoji mtu tangu awe chini ya ulinzi, akitaka zaidi aongezewe kwa utaratibu. Mahakama ya Rufani imetupa maelezo mengi sana ya kukiri kwa kosa hilo tu, yaliandikwa nje ya muda bila sababu. Hii kwa mwandishi ni zawadi. Mpelelezi wako mzuri anaangalia saa ya ukutani, kwa sababu mtuhumiwa akikiri saa ya sita yule mpelelezi anaweza akawa kapata ukweli na kapoteza kesi. Mweke pale wakili wa utetezi miaka miwili mbele anauliza swali moja tu, "shahidi, ulisema alikamatwa saa ngapi?"

Kuhusu saa yenyewe, angalia usijichanganye, makaratasi ya polisi mara nyingi yanatumia saa za jeshi, saa 20:45, wakati shahidi anasema "saa mbili kasoro robo usiku hivi, taarifa ya habari ilikuwa bado". Mbili kasoro robo ni 19:45. Tofauti ya lisaa limoja kwenye maelezo ya mashahidi wawili imewahi kuwa hoja kubwa kwa mawakili wengi, nayo ni mtego mzuri wa hadithi ambao unaweza kutokea kwa mtu anaesoma saa kwa Kiswahili tu, huwezi kuuiba kwa Wamarekani.

Kwa shahidi aliemwona mhalifu usiku, mpelelezi anaetaka kesi isimame atauliza maswali yanayoonekana ya kijinga: taa ilikuwa ya aina gani, ilikuwa wapi, mwanga wake ukali kiasi gani, ulikuwa umbali wa hatua ngapi, ulimwangalia kwa muda gani, ulikuwa unamfahamu kabla, alivaa nini, ulimtaja kwa nani wa kwanza. Hayo hajayatunga, yanatokana na uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1980 kuhusu utambuzi wa kuona ambao mpaka leo unatajwa karibu kila kesi ya unyang'anyi wa usiku. Mpe mpelelezi wako hayo maswali na mama aliekasirika anaejibu "baba, nimekwambia ni yeye, taa ya nini tena?"

Na kupiga je? Yapo, watu wanalalamika mahakamani kila siku kwamba walipigwa ili wasaini. Sheria hairuhusu. Mshitakiwa akiyakana maelezo kwamba aliteswa, kesi inasimama kwanza, inafunguliwa kesi ndogo ndani ya kesi ili kuamua kama aliyatoa kwa hiari. Ukitaka kuandika mateso usiyaandike kama ushujaa wa mpelelezi, andika na bili yake inavyokuja. Kenya ni kali zaidi kwa karatasi, huko kukiri kunatakiwa kuwe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asie mpelelezi wa kesi hiyo, wa cheo kinachotajwa na sheria, tena akiwepo mtu aliechaguliwa na mtuhumiwa. Konstebo wa Nakuru anaetoka nje na karatasi anapiga kelele "amekiri!" hana kitu.

Namna wanavyomwita mtuhumiwa nayo ina maana. "Kijana", "mzee", "mama", "bosi wangu" kwa kejeli. Mpelelezi mzoefu hapandishi sauti, anaanza na habari za nyumbani, unatokea wapi, aa kumbe kwa kina fulani, mjomba wangu kaoa huko. Watani wa kikabila wanasaidia sana hapo, Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana mezani utani unaingia, mtu analegea. Alafu swali linakuja kama limesahaulika: "Ile simu uliiuza kwa nani?"

Hatua ya 6: jalada na mahakama

Mpelelezi akisema "nina jalada" anamaanisha ana kesi. Jalada linatembea kuliko watu. Linapanda kwa OC-CID, linaenda kwa mawakili wa serikali, linarudi na maelekezo, "kamilisha moja, mbili, tatu". Tangu sheria ya mashtaka ya mwaka 2008 kazi ya kuendesha mashtaka imekuwa inahamia kwa mawakili wa serikali, kwahiyo mpelelezi wako wa leo hasimami mahakamani kumhoji mtu, anasimama kizimbani kama shahidi. Ile sentensi ya "upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine" inasemwa na wakili wa serikali huku mpelelezi yuko kituoni anatafuta nauli ya kumfuata shahidi aliehamia Kahama.

Akiitwa kutoa ushahidi anajitambulisha kwa maneno ambayo ni karibu sala: mimi ni askari polisi namba fulani, kituo changu cha kazi ni fulani, idara ya upelelezi, kazi zangu ni kupeleleza makosa ya jinai, kukamata watuhumiwa, kuandika maelezo ya mashahidi na kazi nyingine ninazopangiwa na wakuu wangu. Neno kwa neno karibu kila mahakama. Kisha anaeleza kielelezo, nilikikuta wapi, nilimkabidhi nani, tarehe ngapi, tulisaini wapi. Makabidhiano yakikosa maandishi wakili anaingia hapohapo.

Kwa stori ya zamani kumbuka hili, kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hati za mashtaka na kumbukumbu za kesi kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu zilikuwa kwa Kiingereza hata kama wote mle ndani wanaongea Kiswahili, mshitakiwa anatafsiriwa. Mwaka 1998 usimwandikie hakimu hukumu ya Kiswahili kwenye mahakama ya wilaya.

Hatua ya 7: kamanda mbele ya maiki

Hii fupi maana wote tunaijua kwa moyo. "Tunamshikilia mtu mmoja kwa tuhuma za…", "chanzo cha tukio kinadaiwa kuwa ni wivu wa mapenzi", "upelelezi ukikamilika atafikishwa mahakamani", "natoa wito kwa wananchi kuacha kujichukulia sheria mkononi". Ni lugha isiyo na mtu ndani, kila kitu kinadaiwa au kinadhaniwa, na inafanya hivyo kwa sababu, kamanda hataki maneno yake yasomwe kortini. Itumie kwa sini moja, weka redio ya dukani inamtangaza huku mpelelezi wako ananunua vocha na anajua nusu ya kinachosemwa sio.

Hatua ya 8: nje ya kazi

Kisheria polisi haachi kuwa polisi akivua sare, anaweza kuitwa muda wowote, na katiba inamkataza kujiunga na chama cha siasa ingawa kupiga kura ruksa. Kwahiyo akiwa baa siasa zikianza utamuona anageukia mpira. Hiyo ni tabia nzuri sana ya kumpa mhusika.

Wakiwa wenyewe, mesi au kwenye ngazi za kota, wanaongea kuhusu nini? Sio kesi. Wanaongea posho, upandishwaji vyeo, nani kapelekwa kozi, mkopo, nyumba inavuja. Stori za depo haziishi, yaani ule ukuruta wa chuo cha Moshi, nani alizimia kwenye kwata, mwalimu gani alikuwa mnyama. Waliopiga depo moja wana undugu unaopita vyeo, na kwenye hadithi huo ndio waya wa kupitisha siri, mpelelezi wa Mbeya anampigia mwenzie wa depo aliepo Tanga na anapata kwa dakika mbili alichonyimwa kwa barua wiki nzima. "Oya kuruta, uko hai?" ndio salamu yenyewe, hata kama mmoja keshakuwa mrakibu.

Kesi zinapoongelewa zinaongelewa kwa utani mweusi, na kwa vifupisho ili watoto wasielewe. Hawataji marehemu kwa jina. Kwa mkewe anasema "leo kazi ilikuwa nzito" basi, na mke wa polisi ana masikio ya kupima uzito huo kwa namna mtu anavyovua viatu. Mtaani anaitwa vingine, njagu, mwela, wazee wa kazi, Kenya karao. Anayasikia na anajifanya hajasikia.

Mtoa taarifa wake, msiri, huyo hana maongezi ya moja kwa moja. "Mzigo umefika", "mgeni kalala kwa shangazi". Kila jozi inajitungia lugha yake, kwahiyo hapo una uhuru wa kutunga, ila usimfanye mpelelezi alitaje jina la msiri hata kwa bosi. Sheria ya ushahidi yenyewe haimlazimishi askari kusema taarifa ya uhalifu aliipata kwa nani, na tangu 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Hatua ya 9: nenda kasikilize

Usiende kituoni kuomba kurekodi askari, utajitafutia balaa. Nenda mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi siku ya kazi, kesi nyingi ziko wazi kwa umma, kaa nyuma, zima simu, sikiliza polisi anavyotoa ushahidi na wakili anavyombana. Utapata mdundo wa sentensi zao kuliko kozi yoyote ya uandishi. Kisha soma hukumu za Mahakama ya Rufani kwenye tovuti ya TanzLII, ni bure, nyingi ni za Kiingereza lakini ndani yake kuna maelezo ya mashahidi, nani alimpigia nani, saa ngapi, alijibu nini, na wapi walikosea. Za Kenya zipo Kenya Law.

Ukirudi na rasimu yako mtafute askari mstaafu, sio alie kazini, mstaafu ana muda na hana wa kumuogopa. Mpe sini moja tu, ile ya mahojiano, usimuulize kama ni nzuri. Muulize ni sentensi gani hapo asingeisema, na akianza kukusahihisha kwa kuigiza sauti zote mbili, ya kwake na ya mtuhumiwa, weka kalamu chini umsikilize kwanza, utaandika baadae.